Vita vya Tanga 1914: Maswali Yenu Kutoka Unguja na Pemba

Tangu nilipoandika juu ya vita vya Tanga, maswali hayajakatika, na mengi yanatoka Pemba. Si ajabu. Pemba na Tanga zinatazamana, na nyumba nyingi za Wete na Mkoani zina jamaa wa damu kule ng'ambo. Kwa aliyeikosa makala ile, kisa kwa ufupi ni hiki. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta kutoka Bombay jeshi la watu kama 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, ili wauteke mji wa Tanga uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck akawapokea na watu kama 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Tarehe 5 Novemba Waingereza walikuwa wanarudi melini wameshindwa.

Wengi mnauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mambo yangeweza kwenda vingine? Nimechagua maswali machache.

Maalim, Waingereza walikuwa wengi mara nane. Kosa lao kubwa lilikuwa lipi, ambalo bila ya hilo mji wangeuchukua? (Msomaji, Wete)

Watu hulitafuta kosa katika mapigano ya tarehe 4. Mimi nalitafuta siku mbili kabla, asubuhi ya tarehe 2, hata risasi moja haijapigwa. Siku hiyo Tanga mjini mlikuwa na kombania moja tu ya askari na polisi wachache. Lettow na vikosi vyake wako juu, upande wa Moshi, wanaulinda mpaka. Jeshi zima la Aitken liko baharini, karibu na pwani. Lingeshuka siku ile ile, simuoni wa kulizuia.

Sasa tazama kilichotokea. Mwezi Agosti maofisa wa manowari za Kiingereza walikuwa wamepatana na Wajerumani wa pwani kwamba Tanga na Dar es Salaam zisipigwe. Wakubwa wao wa London hawakuyaridhia mapatano yale. Lakini Kapteni Caulfeild wa manowari ya Fox aliona haifai kupiga kabla ya kuwaarifu Wajerumani kwamba yamevunjika. Akaingia bandarini peke yake, akamwita mkuu wa wilaya, Auracher, akamtaka ausalimishe mji, akampa muda wa saa moja. Akamuuliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Auracher akamwambia ndiyo, imetegwa. Hapakuwa na bomu hata moja. Kisha Auracher akarudi nchi kavu, habari ikapelekwa kwa Lettow, na yeye akavaa sare za jeshi akaungana na askari. Ukipiga hodi, mwenye nyumba hupata nafasi ya kufunga mlango, na hodi ile ilisikika mpaka Moshi.

Muda uliobaki ukapotea katika kusafisha maji kutafuta mabomu ambayo hayakuwepo. Askari wakaanza kuteremshwa usiku, tena si mjini, bali Ras Kazone, penye mikoko na majabali. Wakati huo huo treni zinashuka kutoka Moshi, mwendo wa kilomita 350 hivi, zimejaa askari. Reli ile ya Usambara ilikuwa imefika Moshi miaka michache tu kabla ya vita. Bila ya reli ile, kisa chote kingekuwa kingine. Kila saa Waingereza waliyokawia pale Ras Kazone, Lettow aliitumia kusogeza mabehewa.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hodi. Jeshi lilipopita Mombasa, Aitken alipewa nafasi ya kuchukua askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, wale waliojulikana kama Keya, wamtangulie nchi kavu. Akakataa. Hawa walikuwa watu wa nchi hizi, wanaojua kutembea porini na kuzungumza na wenyeji. Mvuvi yeyote wa Ras Kazone angewaambia mjini mna askari wangapi na wamekaa wapi. Aitken aliwadharau askari weusi, wa upande wake na wa upande wa pili, na kwa dharau ile akaingia vitani hajui mbele yake kuna nini. Alfajiri ya tarehe 3 vikosi viwili, Rajputs na Pioneers, vilisukumwa kwenda mjini kabla jeshi lililobaki halijashuka. Vikarudishwa mpaka ufukweni.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Tarehe 2 Tanga ingechukulika, tena kwa damu kidogo.

Shikamoo Maalim. Tulisikia kwamba Wajerumani waliwatega Waingereza kwa nyuki, wakafunga nyaya kwenye mizinga. Ni kweli? (Mwanafunzi, Mkoani)

Marahaba mwanangu. Nyuki walikuwepo, mtego haukuwepo. Wenyeji walikuwa wametundika mizinga ya magogo mitini kwa ajili ya asali. Risasi zilipoanza kupita kwenye matawi, nyuki wakatoka kwa hasira, wakamuuma kila aliye chini. Kikosi cha 98 cha Wahindi kilitawanyika. Lakini nyuki hawakubagua. Upande wa Wajerumani nako wapiga bombomu, yaani bunduki za rashasha, waliumwa, na silaha zao zikanyamaza kwa muda.

Hadithi ya nyaya ilienezwa na magazeti ya Uingereza. Kwao ilikuwa rahisi kuliko kusema kwamba jenerali amekosea. Kilichovunja shambulio la tarehe 4 ni kitu kingine: Lettow alikuwa ameficha kombania nyuma ya bawa lake la kulia, na mchana ulipopinduka akaziachia zizunguke upande wa kushoto wa Waingereza. Kikosi cha 101 Grenadiers kilichokuwa pale kikakutana na bombomu ubavuni. Wenzao walipoona upande ule umevunjika, na wao wakaanza kurudi.

Babu zetu walikuja Unguja kutoka Kutch. Inaniudhi kusoma kila mahali kwamba "Wahindi walikimbia". Je, wao ndio sababu ya kushindwa? (Mama mmoja, Shangani)

Dada yangu, una haki ya kuudhika. Jeshi lile liliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba. Hesabu mwenyewe: askari walikaa zaidi ya nusu mwezi wamebanana melini, wengi wanatapika, na hawakupumzishwa nchi kavu kabla ya vita. Vikosi vilikusanywa kutoka huku na huku, havijawahi kupigana pamoja. Baadhi yao walipewa bunduki za aina mpya karibu na siku ya kuondoka. Halafu wakashushwa usiku kwenye mikoko, wakaambiwa waende mbele saa za mchana, jua la Novemba kichwani, katikati ya mashamba na vichaka ambamo humuoni mwenzako aliye hatua ishirini.

Na si kweli kwamba wote walikimbia. Kashmir Rifles, pamoja na Waingereza wa North Lancashire, waliingia mjini kabisa. Waliichukua nyumba ya forodha na hoteli ya Deutscher Kaiser, wakapigana nyumba kwa nyumba. Katika mapigano ya mjini ndipo alipouawa Kapteni Tom von Prince, mmoja wa maofisa wa Kijerumani waliojulikana sana nchi hii. Hao 101 Grenadiers wanaosemwa walibaki pahala pao mpaka wakateketea kwa mamia. Aliyewaweka katika hali ile ndiye wa kulaumiwa. Hata serikali yake ilimuona, ikamrudisha nyumbani na kumshusha cheo mpaka ukanali.

Idadi ya waliokufa ni ngapi? (Msomaji, Chake Chake)

Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, kwa maana ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa Wajerumani waliokufa na kujeruhiwa hawafiki 200, na wengi katika hao ni askari wa Kiafrika.

Nimesikia kwamba Tanga iliachwa wazi usiku na Waingereza hawakujua. Maalim, hii si hadithi ya kutiwa chumvi? (Kijana wa Michenzani)

Si chumvi, na ilitokea mara mbili.

Mara ya kwanza ni usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4. Kapteni Baumstark, aliyeshika uongozi Tanga, aliona mji hauwezi kuhimili shambulio jingine, akawakusanya askari wake magharibi, nje ya mji, akaacha doria tu ndani. Lettow alifika kwa treni saa tisa za usiku. Alipoambiwa hivyo hakuridhika. Akachukua baiskeli na wenzake wawili, wakaingia mjini. Mitaa mitupu. Wakafika bandarini, wakaziona meli zimewaka taa tupu, na sauti za kuteremsha mizigo zinasikika. Wakaendelea mpaka upande wa Ras Kazone, wakaziacha baiskeli hospitali, wakashuka kwa miguu ufukweni na kuiona Fox iko mbele yao. Wakati wa kurudi mlinzi wa Kihindi akawapigia kelele kwa lugha wasiyoielewa. Wao wakaenda zao, na mlinzi hakupiga.

Fikirini jambo hilo. Angalipiga risasi moja ikampata, sijui nani angeyaongoza mapigano ya kesho yake. Baumstark alikuwa tayari ameshauacha mji. Mimi kwa kawaida siyapendi maswali ya "ingekuwaje" yanayomtegemea mtu mmoja, lakini hapa siwezi kuyakwepa, kwa sababu aliyebadilisha uamuzi wa kuuacha mji ni Lettow peke yake, tena baada ya kuona kwa macho yake kwamba Waingereza bado wamo kushusha mizigo.

Mara ya pili ni usiku uliofuata, baada ya mapigano makubwa. Waingereza wamerudi nyuma, wamevurugika. Tarumbeta ikalia upande wa Wajerumani, amri ikaeleweka vibaya, na kombania nyingi zikaondoka mjini zikarudi kambini magharibi. Kwa saa kadhaa Tanga haikuwa na jeshi la kuilinda. Jeshi la Aitken lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka pale, na bado lilikuwa na watu wengi kuliko adui. Lakini hakuna aliyetumwa kwenda kutazama. Aitken alikuwa tayari moyoni ameshaondoka. Asubuhi yake akaamuru watu warudi melini, na mizigo mizito iachwe.

Msomaji wa Wete aliuliza juu ya kosa kubwa, nikasema ni la tarehe 2. Nashikilia pale pale. Lakini nafasi ya mwisho, iliyokuwa bado wazi kabisa, ilikuwa usiku huu wa pili, na mtu mmoja wa Keya aliyetangulia gizani angetosha kuleta habari.

Sisi Unguja tulipigwa na Königsberg kabla ya Tanga. Je, manowari ile ingetoka ikaukuta msafara wa Aitken, si ingewamaliza baharini? (Mzee wa Malindi)

Shikamoo mzee wangu. Kwa wasiojua: alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake inatengenezwa. Haikuwa na uwezo wa kuondoka. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali kuliko yake. Ikapigwa mbele ya macho ya mji, mabaharia zaidi ya 30 wakafa, na siku hiyo hiyo ikazama.

Khofu ya Königsberg ilimfuata kila Muingereza aliyepita bahari hii, na msafara wa Aitken ulitoka na ulinzi kwa ajili hiyo. Lakini wakati wa Tanga hatari ile ilikuwa imepungua sana. Königsberg ilikuwa imejificha delta ya Rufiji, makaa ya mawe yamepungua, na tarehe 30 Oktoba manowari ya Chatham iligundua ilipo ikaukalia mlango wa mto. Haikutoka tena mpaka ilipoharibiwa humo humo tarehe 11 Julai 1915. Ingekuwa huru siku zile, naam, meli zile za mizigo zilizojaa watu zingekuwa katika balaa kubwa.

Maalim, tuseme Aitken ameshinda. Vita vingekwisha mapema? Au Lettow angeendelea vile vile? (Mwalimu wa historia, Pemba)

Hili ndilo swali nililokuwa nalingojea, kwa sababu ndilo linalotuhusu sisi.

Anayesema vita vingekwisha pale pale ana mtihani mmoja wa kujibu. Waingereza waliichukua Tanga hatimaye, tarehe 7 Julai 1916. Vita havikwisha. Lettow alirudi kusini, akapita Rufiji, akavuka Ruvuma akaingia nchi ya Wareno, akarudi tena, na akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wakati vita vya Ulaya vimekwisha wiki mbili nyuma. Kuipoteza Tanga peke yake hakukumzuia.

Lakini Tanga ya 1916 si Tanga ya 1914. Kwanza, Gavana Heinrich Schnee hakutaka kabisa koloni ligeuzwe uwanja wa vita, na alikuwa akivutana na Lettow tangu Agosti. Ushindi wa Tanga ndio uliompa Lettow sauti. Angeshindwa katika pambano lake kubwa la mwanzo, Schnee angepata hoja, na walowezi wengi wangekuwa upande wake. Pili, silaha. Kombania nyingi za Lettow zilitumia bunduki za zamani za 1871, zinazotoa moshi mweusi unaomwambia adui uko wapi. Waingereza walipokimbilia melini waliacha mamia ya bunduki mpya, bombomu, simu za kijeshi, na risasi zaidi ya nusu milioni. Lettow aliwapa silaha hizo askari wa kombania tatu na zaidi. Kwa muda mrefu aliwapiga Waingereza kwa bunduki zao wenyewe.

Tatu, reli. Tanga ikishikwa, na huku shambulio la Longido, lililofanywa siku zile zile kaskazini mwa Kilimanjaro, likisaidiwa, Wajerumani wa Moshi na Usambara wangekuwa katikati. Longido nayo ilishindwa tarehe 3 Novemba, kwa hiyo mkono mmoja wa koleo haukufunga hata kidogo. Nasema kwa haki, Lettow angeweza kuteremka mpaka reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwanzoni mwa 1914, akaanza upya huko. Alikuwa mtu wa aina hiyo. Lakini angeanza akiwa maskini wa silaha, gavana hamtaki, na askari wake hawajaonja ushindi.

Kwa hiyo naamini vita vingekuwa vifupi. Sisemi vingekwisha kwa wiki. Nasema visingefika mwaka wa nne.

Na kwa nini hilo ni muhimu kwetu? Kwa sababu vita vya 1916 mpaka 1918 havikupiganwa na majenerali wanaotajwa vitabuni. Magari hayakupita, farasi na punda walikufa kwa ndorobo, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi likabebwa kichwani na mtu. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wamekamatwa kwa nguvu vijijini. Wanahistoria wanakadiria waliokufa upande huo tu ni kama 95,000, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani nao waliwachukua wao, na hesabu hawakuweka. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha watu yalikopita. Ugogo waliingia katika njaa ya Mtunya, iliyoanza 1917 ikaendelea baada ya vita. Kisha yakaja mafua makubwa ya 1918, yakawakuta watu wamekwisha dhoofu.

Ndiyo maana sifurahi ninaposoma sifa za Lettow kana kwamba Tanga ni mchezo mzuri aliocheza. Alikuwa hodari, sikatai. Lakini uhodari wake ulilipiwa na watu ambao hawakuwa na ugomvi na mfalme yeyote wa Ulaya, na uzembe wa Aitken ukalipiwa na watu wale wale. Wakati Kapteni Caulfeild anampa Auracher ile saa moja, aliona anafanya muungwana mbele ya Mjerumani mwenzake wa Ulaya. Mpagazi hakuwemo katika hesabu ya yeyote kati yao.

Kuna kitu gani cha kuona leo, khasa kwa sisi tulio visiwani? (Msomaji, Mtoni)

Kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji wetu, kina makaburi ya mabaharia wa Pegasus. Fort Jesus, Mombasa, uko mzinga uliopakuliwa kutoka Pegasus na uko wa Königsberg pia. Tanga mna makaburi ya vita vile, ya Wajerumani na ya Waingereza na Wahindi, na Ras Kazone unaweza kuitembea kwa miguu ukaona jinsi ilivyo karibu na mji. Dar es Salaam, sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927 ina maandishi ya Kiswahili yanayowataja na wapagazi, wakiitwa miguu na mikono ya jeshi.

Visiwani kwetu, wapagazi hawana alama kama hiyo. Mwenye babu au babu wa babu aliyechukuliwa kubeba mizigo bara katika vita vile, aniandikie alivyosimuliwa: kijiji alichotoka, alichukuliwa na nani, alifika wapi, na kama alirudi. Toleo lijalo nataka liwe la hao.